Meno Meusi ya Tatu

Jumapili, 9 Machi 1975

Mvua bado. Kila alasiri mawingu yanajikusanya upande wa milima ya Usambara, yanatutazama, kisha yanaondoka.

Tatu hakula leo. Nilisonga ugali wa ule unga wa njano wa msaada, unga wa yanga kama watu wanavyouita. Akatia tonge mdomoni, akalitema, akashika shavu. Hajatimiza miaka mitano, na meno yake ya mbele ya juu yameliwa hadi karibu na ufizi. Ya nyuma yana mashimo. Najua yalikotoka maradhi hayo. Mimi nikienda shuleni kufundisha, mama mkwe wangu, Bi Mwantumu, hubaki naye, na tangu angali mchanga kila akilia alifungiwa kipande cha sukari guru kwenye kitambaa akinyonye kama titi. Nilipomwambia mama, alinijibu, "Mumeo nilimlea hivyo hivyo, na meno anayo."

Sasa mama anataka aitwe Mzee Muhidini. Huyu ni mhunzi wetu, na koleo lake la kung'olea misumari ndilo analong'olea watu meno. Mwaka jana, tulipokuwa ndiyo kwanza tumehamishiwa kijiji hiki kipya, alimng'oa jino mjukuu wake mwenyewe, Isihaka. Taya likavimba, shingo ikavimba, mtoto akafa. Watu walisema ni kwa sababu tumeyaacha makaburi ya wazee kule mahameni. Hakuna aliyelitaja koleo.

Nimemwambia mama kwamba koleo lile haliingii kinywani mwa mwanangu. Amenuna mpaka sasa.

Jumanne, 11 Machi

Sadala amerudi kutoka Korogwe. Mume wangu ndiye mganga wa zahanati ya hapa, na yeye na waganga wenzake walikuwa wameitwa hospitali kwa mafunzo. Ameleta sanduku la vidonge, sindano za PPF, ile penisilini, na chupa ndogo ya kioo cha kahawia ambayo aliifungua kwa uangalifu kama mtu anayefungua mzinga.

"Dawa ya fedha," alisema. "Kuna mama mmoja pale anayetibu meno, anaitwa Dorkasi. Ametufundisha. Unalikausha jino kwa pamba, unapaka, basi. Hakuna kung'oa, hakuna sindano, hakuna ile mashine ya kutoboa. Uozo unasimama pale pale ulipofika. Jino linakuwa gumu tena, na mtoto analitumia mpaka litoke lenyewe wakati wake ukifika."

Alikuwa anasema haraka. Nikamwuliza, "Na ambacho hujaniambia ni kipi?"

"Linageuka jeusi."

"Jeusi kiasi gani?"

"Jeusi, Mama Tatu. Jeusi kabisa."

Akanionyesha kidole chake cha shahada. Kina doa kama la wino, na amekisugua kwa sabuni njia nzima.

Nikamwambia hapana. Mtoto wa kike, meno ya mbele! Aliifunga chupa na kuiweka juu ya kabati, mahali pa giza.

Ijumaa, 14 Machi

Mkutano wa kijiji baada ya sala. Mwenyekiti wetu, Mzee Mhina, alisema ya mashamba ya ujamaa na ya vyoo, kisha akampisha Sadala. Naye akaeleza habari ya meno. Anajua kusema mume wangu. Aliwaambia kuwa jino la utoto si takataka, kwamba likioza mtoto halali, hali, hakui. Akaeleza dawa. Akaeleza na weusi.

Mama mmoja wa upande wa kisimani akasimama. "Daktari, wewe una mtoto, na meno yake tunayaona. Wa kwako umempaka?"

Watu wakacheka. Sadala akasema, "Kesho asubuhi nampaka. Njooni mtazame."

Hakunigeukia hata mara moja. Mimi nilikuwa nimekaa na walimu wenzangu, na Tatu yuko mapajani kwangu, anacheza na kifungo cha gauni langu.

Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Umemtoa mwanangu mkutanoni kama mbuzi wa sherehe."

"Ni mwanangu pia."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo maana ya kuuliza, Baba Tatu."

Akatoka nje. Mama mkwe, ambaye siku zote huwa upande wake, aliendelea kupepeta kunde.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikuwa nimeamua kukataa. Nilikuwa nimeyapanga na maneno. Lakini alfajiri Tatu aliamka analia, na badala ya kunishika alianza kujipiga shavu kwa kiganja chake mwenyewe, pa, pa, pa, kama mtu anayemwadhibu mtu mwingine. Nikamfunika kanga, nikambeba hadi zahanati.

Wanawake walijaa madirishani. Sadala na mimi tulikaa tukielekeana, magoti kwa magoti, Tatu amelala juu yetu, kichwa kwa baba na miguu kwangu. Akampaka mafuta ya mgando kwenye midomo na ufizi ili dawa isimchome. Akasafisha mashimo kwa pamba iliyoviringishwa kwenye kijiti, akayakausha, akachovya kijiti kingine kwenye dawa na kugusa jino moja moja. Mikono yake ni laini sana akifanya kazi, hilo siwezi kumnyima. Tatu alilia mwanzo, kisha akanyamaza na kukunja uso. "Chungu," alisema. "Kama msumari."

Alipofika jino la mwisho la chini, la kushoto, alisita. Alibonyeza ufizi kwa kidole na Tatu akaruka mzima mzima. Sadala akatazama dirishani, kwenye zile nyuso. Kisha akalipaka na hilo.

Niliona aliposita. Nikaendelea kumshika miguu.

Jumapili, 16 Machi

Ni meusi. Kama mbegu za papai. Mama mkwe alipomwona alijifunika uso kwa upande wa kanga na kulia kama aliyefiwa. Tatu akaenda kumpapasa mgongoni, asijue kuwa analiliwa yeye.

Jumatatu, 17 Machi

Sadala amepiga marufuku sukari guru ndani ya nyumba. Kila jioni mtoto anasuguliwa meno kwa mswaki wa mti na chumvi. Mama amesema ataondoka aende kwa bintiye Segera. Hajaondoka.

Jumanne, 25 Machi

Maulidi. Mchele ulikuwa wa kugusia tu. Watoto walimwimbia Tatu, "Meno ya makaa! Meno ya makaa!" Siku nzima alizungumza ameziba mdomo kwa mkono.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua! Ilianza asubuhi kwa matone makubwa yaliyonyanyua vumbi, kisha ikateremka yote. Tulifunga shule, kila mtu akakimbilia shambani na jembe. Tumepanda mahindi mpaka mgongo ukakataa kunyooka.

Tuliporudi, Tatu alichukua kipande cha muhogo wa kuchoma akakiuma kwa yale meno meusi ya mbele, akatafuna, akateka maji ya mtungi akanywa kwa mkupuo. Maji ya baridi. Nikangoja kilio. Hakikuja. Nikamtazama mama mkwe, naye alikuwa ananitazama. Kisha kila mmoja akashughulika na kuni zake.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo ilikuwa siku ya kupima watoto uzito na kuwachanja. Sadala alitundika mizani mlangoni tangu asubuhi. Hakuja hata mama mmoja. Mchana nilimkuta ameketi chini ya ile mizani, inayumba na upepo.

Sababu nimeisikia kisimani. Wanasema serikali inawatia watoto alama. Wenye meno meusi watahesabiwa na kuchukuliwa, na ndiyo maana mganga ameanza na wake, ili wengine waingie mtegoni.

Ni upuuzi, lakini siwezi kucheka. Mwaka jana watu hawa hawa waliambiwa lori litakuja kuwahamisha, wakasema ni upuuzi. Lori likaja. Walioguna wakaona mapaa ya nyumba zao yakiteketea. Mtu aliyehamishwa hivyo hawezi tena kujua uvumi upi ni wa kucheka.

Nilimwambia Sadala haya. Akasema, "Mimi sikuchoma paa la mtu." Nikasema, "Lakini ulisimama pale pale waliposimama wao, kwenye mkutano ule ule, na ukasema kwa sauti ile ile." Hakulala vizuri, wala mimi.

Alhamisi, 10 Aprili

Amekuja mama mmoja! Si wa kijijini. Ni Naipanoi, wa boma la wafugaji lililo nyikani ng'ambo ya korongo. Amekuja na punda wake wawili kununua chumvi, na mgongoni amembeba kijana wake mdogo, Koisaba, ambaye shimo la jino lake la mbele unaweza kulaza punje ya mtama ndani yake.

Sadala alimweleza habari ya weusi, mara mbili, kwa hofu. Naipanoi akamsikiliza hadi mwisho.

"Ng'ombe haulizwi rangi ya jino," alisema. "Anaulizwa kama anakula majani."

Mtoto akapakwa. Wanawake waliokuwa dukani walimtazama Naipanoi kwa dharau, kama kawaida yao kwa watu wa maboma. Na mimi nakiri moyoni kwamba hadi leo nilikuwa sijapata kumwuliza jina.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua. Korongo la njia ya Sindeni, tunayopita kwenda Korogwe, limejaa. Lori la duka limegeuza.

Jumatatu, 21 Aprili

Surua imeingia. Nyumba mbili upande wa kisimani. Sadala amekwenda akafukuzwa, kwa adabu, lakini amefukuzwa. Baada ya vipindi nilikwenda mwenyewe, mlango kwa mlango, chini ya mwavuli uliotoboka. Yule mama aliyeuliza swali mkutanoni alinifungulia nusu ya mlango. Ndani nilisikia mtoto akikohoa.

"Mwalimu," aliniambia, "wewe huna ubaya. Lakini mumeo ana dawa yake nyeusi."

"Hii ni nyingine kabisa, dada yangu. Hii ni surua."

"Ndivyo mtakavyosema," akasema, akafunga.

Jumamosi, 26 Aprili

Tatu ameamka na uvimbe mdogo chini ya taya, kushoto. Anasema hauumi. Amekataa uji.

Jumapili, 27 Aprili

Unauma. Ni lile jino la mwisho la chini. Ufizi umetunga usaha. Meno mengine yote hayana neno, hata ukiyagonga kwa kijiko. Sadala amemchoma sindano ya PPF asubuhi, amemsukutua kwa maji ya chumvi.

"Tumpeleke Korogwe," nilisema.

"Korongo limejaa. Na sindano inahitaji muda. Tungoje kesho."

"Korongo limejaa, au unaogopa watu wamwone mtoto wa mganga anabebwa kwenda hospitali?"

Nilidhani atakasirika. Alisema kwa sauti ndogo, "Mtoto wa kisimani ana nimonia sasa, Mwanaidi. Jana usiku wamenifungulia mlango. Wakimwona Tatu amevimba hivi, watafunga tena."

Jibu lake lilikuwa la kweli, na ndilo lililonitisha. Laiti angekuwa mtu mbaya, ningejua la kufanya.

Jumatatu, 28 Aprili

Naandika haya Korogwe, nikiwa nimekaa kwenye benchi. Niandike yote kabla hayajachanganyika.

Asubuhi Tatu hakuweza kufungua mdomo. Kidole kimoja tu kiliingia katikati ya meno. Mate yalimtiririka kwa sababu kumeza kulimuuma. Uvimbe ulikuwa umeteremka, umepita taya, umeanza kushika shingo, mgumu kama ubao, na ngozi inang'aa. Sadala alimchoma sindano nyingine.

Mama mkwe akachukua kanga yake, akatoka bila kusema anakokwenda. Aliporudi alikuwa na Mzee Muhidini.

Nikasimama mlangoni. Nilimwambia, "Shikamoo, mzee. Lakini humgusi."

"Marahaba," alisema. Mikono yake aliinyoosha mbele ili niione. Ilikuwa mitupu. "Sikuleta kitu, mwalimu. Nipishe nimwone tu."

Alichuchumaa mbele ya Tatu. Hakumfungua mdomo. Alimtazama shingoni, akasikiliza anavyovuta pumzi, na uso wake mzee ukaanza kubadilika polepole, mpaka nikatamani aache kutazama.

"Wa kwangu alikuwa hivi," alisema. "Hivi hivi. Asubuhi alikuwa hivi, nikasema tungoje jioni. Jioni nikasema tungoje asubuhi." Akamgeukia Sadala. "Daktari, watu wanasema ni makaburi. Mimi nilikuwepo. Hayakuwa makaburi. Mwondoe mtoto huyu hapa sasa."

Sadala hakusogea. Mimi ndiye niliyeanza kufunga kanga. Mama mkwe alikuwa ameshaweka uji mwepesi ndani ya chupa. Yeye ambaye kwa wiki saba amenilaumu kwa kila kitu alinishika mkono akasema, "Nenda, mwanangu. Nenda. Nyumba iko na mimi."

Mzee Muhidini alitangulia mbio kwenye mvua, mzee yule, hadi ukingo wa korongo, akaita kwa sauti ng'ambo. Boma la kina Naipanoi haliko mbali na pale. Nilipofika, maji yalikuwa mekundu, yanazungusha matawi. Naipanoi aliteremka upande wa pili na punda mmoja, akatembea kandokando ya maji, akayatazama, akarudi, akatazama tena, akachagua mahali ambapo mimi nisingechagua. Akamwingiza punda, wakavuka kuja upande wetu. Maji yalimfika tumboni, hayakupanda zaidi.

"Mtoto nipe mimi," sauti ilisema nyuma yangu.

Alikuwa Sadala. Amevua viatu, amekuja bila koti. Sikujua kama amekuja kunizuia au kunisindikiza, na nadhani naye alijua wakati ule ule tu. Alimweka Tatu juu begani, akaingia kwenye maji ubavuni mwa punda, upande maji yanakoelekea, mkono mmoja ameshika shingo ya punda. Mimi nilishika mkia wa yule mnyama. Katikati, jiwe lilimponyoka Sadala chini ya mguu, akazama hadi kidevuni, na nikamwona Tatu juu ya maji, ameinuliwa kwa mikono miwili, kimya kabisa, macho wazi. Naipanoi alipiga kelele kwa Kimasai, punda akasimama kama ukuta, Sadala akajishikiza. Kisha tukawa ng'ambo.

Sadala aliniwekea Tatu mgongoni akanifunga mwenyewe kanga, mafundo mawili.

"Nililijua jino lile," alisema. "Siku ile. Niliposhika ufizi nilijua limekwisha kufa. Dorkasi alitwambia lililokufa halipakwi, linapelekwa. Lakini walikuwa wananitazama."

Nilikuwa nalijua tangu siku ile. Lakini kulisikia kutoka kwake, amelowa, ni jambo lingine. Nilisema, "Rudi kwa mtoto wa kisimani." Akarudi majini.

Naipanoi alinipandisha juu ya punda na akatembea nami katika tope hadi barabara ya malori ya mkonge. Dereva wa kwanza alipomwona Tatu hakuuliza nauli wala jina.

Jumanne, 29 Aprili

Dorkasi ni mwanamke mfupi, Mshambaa wa Kwashemshi, mikono mikubwa. Jana hakupoteza muda. Alipasua chini ya taya na kutoa usaha, mwingi, harufu yake imekaa puani mwangu hadi leo. Sindano kila baada ya saa chache. Tatu amepumua usiku kucha kwa sauti kama ya msumeno, na mimi nimepumua naye.

Jumatano, 30 Aprili

Homa bado. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 2 Mei

Ameomba maji! Amefungua mdomo! Alhamdulillahi.

Jumamosi, 3 Mei

Leo mdomo umefunguka vya kutosha, na Dorkasi amelitoa jino kwa ganzi. Tatu hakujua limetoka lini. Kisha Dorkasi akachukua kioo chake kidogo, akapita meno mengine yote, moja moja, akiyakwaruza. Sauti ilikuwa kama ukucha juu ya kigae.

"Sikia," aliniambia. "Ni magumu. Haya yote yalikuwa yanaoza kama boga, sasa yamesimama. Haya yaache."

"Kwa hiyo mume wangu alikosea au hakukosea?"

Alifuta kioo chake kwanza. "Haya amepatia, na amepatia vizuri. Lile moja lilikuwa limekufa kabla ya dawa. Dawa haikumdhuru. Ila ililificha jino lile, kila mtu akaliona jeusi kama wenzake akadhani limepona. Mwambie hivi: anayelia usiku bila kuguswa, au ufizi umetunga, huyo si wa kupaka. Huyo aletwe."

"Mwenyewe anajua," nilisema.

"Kujua ni kitu kimoja," alisema Dorkasi. "Mimi nilipoanza kazi, mara ya kwanza nilipomrudisha mtu na kumwambia hili siliwezi, nilijifungia chooni nikalia."

Jumamosi, 10 Mei

Tumerudi. Maji ya korongo yamepungua, tumevuka kwa miguu. Mama mkwe alimpokea Tatu barabarani, akamvua, akamgeuza, akamchungulia mdomo, akamfunika tena.

Wakati tunamenya mihogo aliniambia ambayo Sadala hakuniandikia. Ijumaa ya pili ya safari yetu alisimama mkutanoni, watu wote wakiwemo. Alisema, "Jino la mwanangu nililipaka nikijua halipakiki. Nililipaka kwa sababu mlikuwa mnanitazama. Dawa ni nzuri. Mimi ndiye niliyeogopa." Kisha akaketi.

"Watu walisemaje?" niliuliza.

"Hawakusema kitu. Tangu nizaliwe sijapata kumsikia mtu wa serikali akisema vile. Na mimi ndiye niliyemzaa." Akamenya kidogo. "Ile sukari guru ni mimi, Mwanaidi. Usidhani sijui."

Nikamshika goti.

Mtoto wa kisimani hakupona. Walifungua mlango wakiwa wamechelewa. Jioni nilikwenda kumpa pole mama yake. Alinifungulia mlango wote, nikakaa naye mkekani mpaka giza. Ana binti mwingine, mdogo. Nilipokuwa naondoka aliniuliza chanjo hutolewa siku gani.

Jumatatu, 19 Mei

Wamekuja wengi kwenye mizani. Si wote.

Jumapili, 25 Mei

Jua. Mahindi yametoa mbelewele. Sadala na mimi tumepalilia mstari mmoja, yeye huku, mimi kule, bila kuzungumza, na haikuwa vibaya.

Jumapili, 8 Juni

Shamba la juu tumelivuna kunde, na mvua imebaki manyunyu ya asubuhi. Nilikuwa zahanati nikimsaidia Sadala kukata pamba wakati Mzee Muhidini alipoingia, amemshika mkono mjukuu wake wa mwisho, kasichana kanakoitwa Mwanahawa. Mzee alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi. Alikaa kwenye kiti akamweka mtoto mapajani.

"Ana mawili," alisema. "Moja la mbele, moja la nyuma. Nimekuja uniambie. Ni ya kupaka au ya kupeleka?"

Madirishani kulikuwa na wanawake, kama siku ile. Sadala alimkalisha mtoto kwenye mwanga. Akamwuliza mzee kama mtoto huamka usiku. Akabonyeza ufizi mbele, akabonyeza nyuma, akamtazama mtoto usoni. Alichukua muda. Mtu mmoja dirishani alikohoa.

"La mbele ni la kupaka," alisema. "La nyuma sijui."

"Hujui?"

"Sijui, mzee. Huenda lingali zima, huenda limekufa. Nikilipaka naweza kukudanganya. Bora Dorkasi alione. Alhamisi lori la mkonge linapita."

Nilishika pamba yangu nikangoja. Mzee Muhidini aliyapima maneno yale kama anavyopima chuma kilichotoka motoni. Kisha akajisogeza mbele ya kiti hadi magoti yake yakagusana na ya Sadala, akamlaza Mwanahawa juu yao.

"Basi paka hilo moja," alisema. "Kichwa nitamshika mimi."

Mtoto alilia kidogo dawa ilipomgusa ulimi. Babu yake alimfuta mate kwa mkono wa kanzu. Mwanahawa akakunja uso, akameza, akauliza kama jino lake litakuwa jeusi kama meno ya Tatu.

"Ndiyo," alisema Mzee Muhidini. "Jeusi hivyo hivyo."

Mtoto akafikiri. Kisha akafungua mdomo tena, mkubwa, bila kuambiwa.